Mla Nawe Hafi Nawe: Udugu, Imani na Daftari la Mjane katika Mabaraza ya Knights of Columbus

Wahenga walinena kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hii ni kali kuliko wanavyodhani wengi wanaoitumia. Inachora mpaka kati ya watu wawili walioketi kwenye sinia moja: mmoja atakuwapo siku ya mazishi na siku zinazofuata mazishi, mwingine atanawa mikono na kurejea kwake. Kigezo cha mpaka huo ni damu. Vyama vya udugu, viwe vya kidini au la, vimeundwa katika pembe nyingi za dunia kwa azma ya kuikana methali hii. Watu wasiozaliwa pamoja huahidiana kwamba watautimiza wajibu wa mzaliwa. Ahadi hiyo huwa nyepesi karamuni. Uzito wake hudhihirika mwezi wa tatu baada ya matanga, waombolezaji wanapokuwa wamekwisha kutawanyika na mjane akawa anahesabu unga uliobaki.

Makala haya yanaangazia namna chama kimoja cha wanaume Wakatoliki kilivyokabiliana na jambo hilo. Chama chenyewe ni Knights of Columbus, kilichoasisiwa nchini Marekani katika karne ya 19 na ambacho kina wanachama karibu milioni mbili katika Marekani, Kanada, Meksiko, Ufilipino, Polandi na nchi nyingine kadhaa. Ukubwa huo usimpumbaze msomaji. Maisha halisi ya chama hiki hayako katika makao makuu bali katika baraza, yaani kundi la mashinani linaloambatana na parokia moja au parokia chache jirani, ambamo wanaume hujuana kwa majina, kwa kazi zao na hata kwa madeni yao.

Jina lenyewe linahitaji ufafanuzi kidogo, hasa kwa wasomaji ambao kazi yao ni lugha. Knight alikuwa askari mpanda farasi wa Ulaya ya enzi za kati, mwenye cheo, kiapo na silaha. Kiswahili hakina kisawe kilichozoeleka cha dhana hiyo. "Shujaa" hubeba matendo lakini hupoteza kiapo, nalo "askari" hubeba silaha na kupoteza heshima. Kwa sababu hiyo jina limeachwa hapa kama lilivyo. Columbus ni yule baharia wa mwaka 1492, ambaye habari zake zitarejelewa baadaye.

Chumba cha chini ya kanisa

Mji wa New Haven, jimboni Connecticut, ulikuwa katika miaka ya 1870 mji wa viwanda, na vilevile mji wa Chuo Kikuu cha Yale. Wakatoliki wake, wengi wao wakiwa Waayalandi waliokimbia njaa pamoja na watoto wao, walifanya kazi zile ambazo wenyeji hawakuzitaka. Kanisa lao la Mtakatifu Maria lilipojengwa katika barabara ya Hillhouse, mtaa wa wakwasi wa Kiprotestanti, lilionekana kuwa doa. Mwaka 1879 gazeti la New York Times lilichapisha habari iliyosikitika waziwazi kwamba kanisa la Kirumi limeiharibu barabara hiyo ya watu wa tabaka la juu. Hayo ndiyo mazingira aliyoyakuta Padri Michael McGivney alipotumwa huko kuwa msaidizi wa paroko, muda mfupi baada ya kupewa upadri mjini Baltimore mnamo Desemba 1877.

McGivney alizaliwa mjini Waterbury, katika jimbo hilohilo, mwaka 1852, akiwa kifungua mimba wa wahamiaji wa Kiayalandi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13 na kuingia kiwandani, katika idara ya kutengeneza vijiko, kabla ya kwenda Kanada kusomea upadri. Mwaka 1873 baba yake alifariki. Masomo yakakatika, kijana akarudi nyumbani kwa mama mjane na wadogo zake, na hakuendelea hadi alipopata msaada wa askofu wake. Wasifu wa waasisi wa vyama hujaa mapambo, lakini jambo hili moja si pambo. Mtu aliyekuja kuandika kanuni za kumlinda mjane alikuwa amewahi kuketi mezani pa mjane na kujua kilichokuwapo na kilichokosekana.

Hali ya kisheria nayo ilikuwa ngumu. Baba wa familia alipofariki bila mali, mahakama ya mirathi ilitaka ithibitishiwe kwamba watoto watatunzwa, na mara nyingi ilidai mdhamini na dhamana ya fedha. Familia isiyo na mdhamini ingeweza kutawanywa, watoto wakapelekwa katika taasisi. Mwaka 1882 McGivney mwenyewe alikubali mahakamani kuwa mlezi wa kijana wa familia moja iliyofiwa ya parokia yake. Hata hivyo, padri mmoja hawezi kuwa mlezi wa watoto wa parokia nzima. Ilihitajika mashine, na mashine hiyo ilipaswa kuendeshwa na walei wenyewe.

Mnamo Oktoba 1881 aliwaita wanaume wachache katika chumba cha chini ya kanisa la Mtakatifu Maria. Tarehe 29 Machi 1882 chama kikasajiliwa na serikali ya jimbo la Connecticut, na baraza la kwanza likapewa jina la San Salvador, kisiwa ambacho Columbus alikifikia. Jambo la pili lililomsukuma padri huyu lilikuwa vyama vya siri. Kanisa liliwakataza waumini wake kujiunga na Freemasons na vyama vya mfano huo, na mwaka 1884 Papa Leo XIII alitoa waraka mkali kuhusu suala hilo. Lakini ndani ya vyama hivyo ndimo mlimokuwa na bima ya maziko, kazi kupitia kwa wenzako, na fahari ya vazi na cheo. Kumkataza mtu maskini asiingie huko bila kumpa pa kwenda ni kumtwisha mzigo usiobebeka. McGivney alilitambua hilo, na ndiyo maana chama chake kikawa na vyeo, ngazi na sherehe za faragha, ila bila kiapo ambacho kingemzuia mwanachama kumweleza padri wake mambo yote katika kitubio.

Ifahamike pia kwamba padri huyo hakuketi kwenye kiti cha mwenyekiti. Kiongozi mkuu wa kwanza alikuwa James T. Mullen, mlei aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. McGivney alishika ukatibu, akaandika barua, akafuatilia michango na kujibu malalamiko, mpaka alipohamishiwa parokia ya Thomaston mwaka 1884. Alifariki huko mwaka 1890 kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 38.

Dola moja

Utaratibu wa awali wa fedha ulikuwa rahisi kiasi cha kueleweka na mtu asiyejua kusoma. Mwanachama alipofariki, kila mwenzake alitozwa dola moja, na mjane akakabidhiwa kilichokusanywa, kisizidi dola 1,000. Aliyeugua alipata dola 5 kwa wiki. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji mfasiri hapa, kwa maana hiki ndicho chama cha kufa na kuzikana, kilichozoeleka kutoka mitaa ya Mombasa hadi vijiji vya Magharibi mwa Kenya. Na Kiswahili kimelitaja jambo hili kwa usahihi ambao lugha nyingine hazina. "Kuzikana" ni kitenzi cha kutendana, na kwa mantiki ya kawaida watu hawawezi kuzikana, kwani anayezikwa hamziki aliyemzika. Sarufi inakwenda mbele ya mantiki na kuwahesabu wanachama wote, walio hai na waliokufa, kuwa watenda na watendwa wa tendo moja.

Udhaifu wa mfumo wa dola moja ulijitokeza mapema. Iwapo kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 50 wanatozwa sawa, kijana anamlipia mzee. Na kadiri chama kinavyozeeka ndivyo vifo vinavyoongezeka na michango inavyomchosha aliyebaki. Vyama vingi vya udugu vya Marekani vilisambaratika kwa hesabu hiyo tu, bila ugomvi wowote wa itikadi. Knights of Columbus walibadili utaratibu wao katika miaka iliyofuata: michango ikapimwa kwa umri na akiba ikatengwa kabla ya msiba badala ya kuchangishwa baada yake. Aidha, katika miaka ya 1890 walianza kuwapokea wanachama wasiokata bima, ili baraza lisiwe la wenye afya njema pekee.

Mabadiliko hayo yalikiokoa chama, lakini yalikuja na gharama yake. Bima ilipokua, ilihitaji wataalamu, sheria na majengo. Makao makuu ya leo ni mnara wa ghorofa 23 uliokamilika mwaka 1969 mjini humohumo New Haven, na thamani ya bima za maisha zilizokatwa imepita dola bilioni 100. Katika mabaraza mengi yupo wakala wa bima, ambaye naye ni mwanachama, anayepewa nafasi ya kusema mkutanoni. Wapo wanaomwona kama mrithi halali wa McGivney na wapo wanaonong'ona kwamba udugu umegeuzwa soko. Pande zote mbili zina hoja. Mjane anayepokea hundi kamili bila kungoja kofia ipitishwe hana sababu ya kulalamika. Lakini ile dola moja iliyotoka mfukoni mwa mwenzake, siku ileile ya msiba, ilikuwa na uso wa mtu.

Jioni ya baraza

Ili kuanzisha baraza huhitajika wanaume wapatao 30. Anayetaka kujiunga awe ametimiza miaka 18 na awe Mkatoliki anayeishika imani yake kwa vitendo, mwenye ushirika na Roma. Jioni ya mkutano, ambao kwa kawaida hufanyika mara moja au mbili kwa mwezi katika ukumbi wa parokia, ratiba hufuata mkondo uliozoeleka. Kuna sala, kuna kusomwa kwa kumbukumbu, kuna taarifa za mweka hazina na za katibu wa fedha, kuna neno la padri mlezi. Kisha hutajwa wagonjwa na waliofiwa, na mtu hupangiwa kwenda kumwona fulani hospitalini au kumpeleka mzee fulani kanisani kwa gari. Mgeni angesema kwamba nusu ya mkutano ni mabishano juu ya nani atanunua mafuta ya kukaangia.

Naam, mafuta, kwa sababu shughuli inayowatambulisha zaidi mbele ya parokia ni samaki. Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hawali nyama, na mabaraza mengi hukaanga samaki ukumbini na kuwauzia waumini na majirani wasio waumini. Makanika, mwalimu mstaafu na wakili hufunga aproni, mmoja akipaka unga, mwingine akichovya kikaangoni, wa tatu akipeleka sahani kwa bibi kizee aliyeketi pembeni. Jumapili nyingine huwa na kifungua kinywa cha chapati za maji baada ya misa. Fedha zinazopatikana hununua makoti ya watoto wakati wa baridi, chakula cha ghala la parokia, viti vya magurudumu, au huchangia michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Tangu mwaka 2009 chama kimekuwa pia kikivinunulia vituo vya kuwasaidia wajawazito mashine za kupiga picha za mimba, kazi inayotokana na msimamo wake dhidi ya uavyaji mimba, na ambayo imekiingiza katika mabishano ya kisiasa ya nchi hiyo. Kwa mwanachama wa kawaida, hata hivyo, jiko la samaki ndilo shule. Kuna wanaume ambao hawangethubutu kuzungumzia imani yao wakiwa wameketi kwenye duara, lakini huizungumza bila haya wakiwa wameegemea karai, macho yao yakiwa kwenye mafuta.

Jambo hili lastahili kutiliwa maanani nchini Kenya. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati walipokazia Jumuiya Ndogondogo za Kikristo katika miaka ya 1970, jumuiya imekuwa uti wa mgongo wa parokia. Hukutana nyumbani kwa zamu, husoma Injili, hukesha na wafiwa na kuchangia jeneza. Haikuhitaji mnara wala wakala. Ila lalamiko la kudumu katika jumuiya nyingi ni kwamba wanawake hujaa na wanaume huadimika, na Chama cha Wanaume Wakatoliki, kilicho chini ya usimamizi wa Mtakatifu Yosefu, mara nyingi hupewa jukumu la kuwarejesha. Yamkini Yosefu mwenyewe ndiye kidokezo. Injili haikuhifadhi hata neno moja alilolitamka; ilihifadhi safari alizofunga na kazi ya mikono yake.

Mwanachama wa Knights anapofariki, wenzake hufika kwenye mkesha na kuongoza rozari. Kila mmoja hupewa rozari anapojiunga, na si ajabu kuikuta ikiwa imezungushwa vidoleni mwa marehemu. Wale wa ngazi ya nne, ngazi iliyoanzishwa mwaka 1900 kwa ajili ya uzalendo, husimama na panga kando ya jeneza. Hadi mwaka 2017 walivaa kofia yenye manyoya na joho. Makao makuu yalipoamuru bereti na koti la kawaida, malalamiko yalizuka katika mabaraza mengi, na wazee kadhaa waliapa kuzikwa na kofia zao. Mambo ya vazi huchekesha walio nje. Walio ndani hujua kwamba fundi bomba aliyevaa joho mara moja kwa mwaka hakuvaa upuuzi.

Nguzo tatu za mwanzo za chama, ambazo ndizo pia ngazi zake tatu za kwanza, ni upendo, umoja na udugu. Neno la kwanza laweza kufasiriwa kwa Kiswahili kuwa "hisani" pia, na wafasiri wengi wangeteua hilo. Lakini hisani hushuka kutoka kwa mwenye nacho, ilhali upendo ni neno ambalo liturujia ya Kiswahili hulitumia kwa Mungu na kwa jirani bila kubadili ngazi. Kikaangoni, "upendo" ndiyo tafsiri bora.

Asiyeitwa ndugu

Haifai kuandika habari za udugu bila kuuliza nani aliachwa mlangoni. Kwa miongo mingi maombi ya uanachama yalipigiwa kura ya siri kwa gololi, nyeupe kwa kukubali na nyeusi kwa kukataa, na gololi nyeusi chache tu zilitosha kumfungia mtu nje. Hakuna kanuni iliyohitaji kutaja rangi ya ngozi, gololi ilitosha. Wakatoliki Weusi wa kusini mwa Marekani waliokuwa wakipokea komunyo ileile hawakupata nafasi katika mabaraza hayo.

Tarehe 7 Novemba 1909, mjini Mobile, Alabama, mapadri wanne wa shirika la Wayosefiti, akiwemo John Henry Dorsey aliyekuwa Mwamerika Mweusi, waliungana na walei watatu Weusi kuanzisha Knights of Peter Claver. Gilbert Faustina akawa kiongozi mkuu wa kwanza. Waliteua jina kwa makini. Petro Claver alikuwa Mjesuiti wa Kihispania wa karne ya 17 aliyeshuka katika ngalawa za watumwa bandarini Cartagena, katika Kolombia ya leo, akiwa na maji, chakula na dawa kwa Waafrika waliotoka kwenye giza la meli. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1888. Ndiye pia somo wa kanisa la Mtakatifu Petro Claver katika barabara ya Racecourse, Nairobi, ambalo maelfu hulipita kila siku wakielekea stendi za matatu. Chama cha Mobile kilifanya yaleyale ya New Haven: sala, maziko, mjane, daftari. Kingali hai, makao yake yakiwa New Orleans.

Historia haikupinda upande mmoja tu, na hapo ndipo ugumu wake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Knights of Columbus waliendesha vibanda vya mapumziko vya wanajeshi chini ya tangazo kwamba kila mtu anakaribishwa na kila kitu ni bure, na askari Weusi walishuhudia kwamba tangazo hilo liliheshimiwa. Mwaka 1924 chama hichohicho kilidhamini kuchapishwa kwa kitabu cha W. E. B. Du Bois, The Gift of Black Folk, kuhusu mchango wa watu Weusi katika ujenzi wa Marekani. Yaani Mweusi aliweza kupewa kahawa kibandani Ufaransa, akaandikiwa kitabu, na bado akakutana na gololi nyeusi nyumbani kwao. Mwaka 1963 baraza moja la Chicago lilimkataa Mkatoliki Mweusi aliyehitimu Chuo Kikuu cha Notre Dame. Safari hii viongozi kadhaa wa baraza hilo walijiuzulu kwa hasira, na mwaka 1964 mkutano mkuu ulibadili kanuni, ikawa ni lazima theluthi ya wapiga kura wamkatae mwombaji ndipo akataliwe. Kilichoivunja gololi hakikuwa waraka wa maaskofu. Walikuwa wanaume wa kawaida walioona aibu mbele ya mtu waliyesali naye.

Afrika nayo ilijitengenezea vyama vyake bila kungoja kualikwa. Ghana ilipata Knights of Marshall mwaka 1926, na Nigeria ikapata Knights of St. Mulumba mwaka 1953, kwa nia iliyofanana na ya McGivney ya kuwapa wanaume Wakatoliki mbadala wa vyama vya siri. Huyo Mulumba ni Matia Mulumba Kalemba, mmojawapo wa mashahidi wa Uganda, aliyeuawa Kampala mwaka 1886, miaka minne tu baada ya daftari la New Haven kufunguliwa. Ajabu ni kwamba jina lake limepata vazi na upanga Onitsha na Lagos, huku Afrika Mashariki yake ikiendelea na jumuiya za nyumba kwa nyumba.

Suala la jina limewafika Knights of Columbus wenyewe pia. Waayalandi wa 1882 walimteua Columbus ili kuwaambia majirani waliowadharau kwamba Mkatoliki alifika bara hilo kabla ya Mprotestanti yeyote. Lilikuwa jibu la wanyonge. Kwa wenyeji asilia wa bara hilo na kwa wajukuu wa watumwa, jina hilohilo lilikuwa na maana nyingine kabisa. Mnamo Juni 2020 sanamu ya Columbus iliondolewa katika uwanja wa Wooster, New Haven, umbali mfupi kutoka mnara wa chama. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, katika kanisa kuu la Hartford, Padri McGivney alitangazwa mwenye heri. Jina la baharia lilikuwa likishushwa na la padri likipandishwa katika jimbo moja, ndani ya miezi michache.

Ndugu wa kike

Limebaki neno "ndugu" lenyewe. Jina la Kiingereza la vyama hivi linatokana na Kilatini chenye maana ya kaka, mtoto wa kiume wa mama mmoja, na mipaka ya uanachama inafuata mzizi huo. Kiswahili hakina mpaka huo. Ndugu aweza kuwa wa kiume au wa kike. Padri akisema "ndugu zangu" altareni hakuna mama anayedhani kwamba ametengwa. Na siasa ya Tanzania ya enzi za TANU iliwaita ndugu raia wote bila kubagua jinsia. Mfasiri akiandika "chama cha udugu" amefungua mlango ambao chama chenyewe kimeufunga, na akiandika "chama cha kikaka" hataeleweka. Hili si tatizo la msamiati pekee. Mjane ndiye sababu ya kuwapo kwa chama, lakini yeye si mwanachama. Jina lake liliandikwa daftarini kama mpokeaji, kamwe si kama mpiga kura. Knights of Peter Claver waliwaundia wanawake tawi lao katika miaka ya 1920. Wanawake wa upande wa New Haven wamehudumu kwa muda mrefu katika vikundi vya pembeni vilivyotegemea hisia za kila baraza.

Kwa zaidi ya karne moja, mke alimsindikiza mumewe hadi mlango wa ukumbi siku ya kupokewa kwake, akarudi nyumbani. Kilichosemwa ndani hakuambiwa, kwa kuwa sherehe za ngazi tatu za kwanza zilikuwa za faragha. Mwaka 2020 sherehe hizo tatu ziliunganishwa kuwa moja na kufanywa mbele ya watu, aghalabu kanisani, jamaa wakiruhusiwa kuhudhuria. Sasa mke huketi kwenye benchi, watoto kando yake, na kuyasikia yale ambayo mumewe anaahidiwa, na yale ambayo mumewe anawaahidi wajane wa wengine.